Kabla hujaagiza vyumba vya baridi na viyoyozi vya Kampala, soma kwanza mchoro wa mhandisi

KAMPALA – Dereva yeyote anayeleta shehena Kampala kutoka Malaba au Busia anaijua njia hii. Ukishapita Jinja unaingia Mukono, halafu Bweyogerere, Kireka, Banda, na mwisho Nakawa. Bweyogerere yako makao makuu ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS). Nakawa liko jengo refu la Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), lililofunguliwa mwaka 2019. Wafanyabiashara wengi wanazijua ofisi hizo mbili kwa sababu mzigo wao unategemea karatasi za huko.

Lakini katikati ya Banda na Nakawa kuna kilima cha Kyambogo, ambacho lori hupita chini yake bila kusimama. Hapo pana Chuo Kikuu cha Kyambogo, mojawapo ya mahali wanapofundishwa wahandisi wa mitambo nchini Uganda. Kwa mfanyabiashara wa viyoyozi, vyumba vya baridi, hita za maji au jenereta, kazi ya wahandisi hao ina uzito sawa na ile ya ofisi mbili tulizozitaja.

Sababu ni nyepesi. Shehena inaweza kupita forodha bila doa, ikapata alama zote za viwango, kisha ikafika kwenye jengo na mhandisi akaikataa kwa kuwa haifanani na mchoro wake. Hapo gharama ya kuirudisha si yake. Ni ya aliyeagiza, na mara nyingine ni ya msafirishaji ambaye lori lake linakaa siku tatu getini bila kushushwa.

Makala haya yanaeleza mhandisi huyo anafanya nini, kwa nini siku hizi anazungumzia sana hewa ukaa, na wewe unayenunua au kusafirisha ufanye nini kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mhandisi huyu ni nani?

Anaitwa mhandisi mwandamizi wa usanifu wa mitambo ya majengo. Hasimamii kuta wala nguzo. Yeye hushughulikia vitu vinavyolifanya jengo lifanye kazi: hewa safi, ubaridi, maji moto, pampu, mabomba, mitambo ya jikoni na jenereta. Nyaya za umeme zina mhandisi wake, ingawa wawili hao hukaa meza moja.

Kazi yake ina hatua tano. Kwanza hupiga hesabu ya joto: jua linaingiza kiasi gani, watu wanatoa kiasi gani, mashine zinatoa kiasi gani. Pili huchagua mfumo. Tatu huchora, na pamoja na michoro huandika jedwali la vifaa, yaani orodha inayosema kila mashine iwe na uwezo gani, itumie gesi gani, volti ngapi na sauti kiasi gani. Nne hupitia karatasi za vifaa ambavyo mkandarasi anataka kununua, akakubali au akakataa. Tano husimamia majaribio kabla jengo halijakabidhiwa.

Neno "mwandamizi" maana yake ni kwamba saini ni yake. Vijana walio chini yake wanaweza kupiga hesabu, lakini jengo lisipopoa, anayeulizwa ni yeye. Ndiyo maana hakubali kirahisi maneno ya "hii ni sawa na ile".

Kwa mfanyabiashara, hatua ya tatu na ya nne ndizo za kuangalia. Jedwali la vifaa ndilo oda yako. Ukiagiza kabla ya hatua ya nne kukamilika, umecheza kamari.

Kyambogo inahusikaje?

Mafunzo ya ufundi yaliyozaa sehemu ya chuo hiki yana historia ndefu. Mwaka 1928 sehemu ya ufundi ilitenganishwa na Makerere, na baadaye shule hiyo ikahamia Kyambogo. Ilibadilisha majina mara kadhaa hadi ikawa Uganda Polytechnic Kyambogo. Mwaka 2003 iliunganishwa na chuo cha ualimu cha ITEK na taasisi ya elimu maalumu ya UNISE, ndipo kikapatikana Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Kwa hiyo kilima hiki kimetoa mafundi mchundo na wahandisi kwa miaka mingi. Wengi utawakuta viwandani Nakawa na Namanve, kwenye kampuni za ushauri, au kwenye maeneo ya ujenzi.

Kuhitimu peke yake hakutoshi. Mhitimu hufanya kazi chini ya wakubwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Aidha, tangu mwaka 2012 Kenya, Tanzania na Uganda zina makubaliano ya kutambuliana wahandisi. Maana yake ni kwamba mchoro wa chumba cha baridi cha Kisumu au Mwanza unaweza kutoka Kampala, na wa Kampala ukatoka Nairobi, ilimradi taratibu za bodi husika zimefuatwa. Soko la vifaa nalo linafuata mchoro, si mpaka.

Hewa ukaa ya majengo ya Uganda iko wapi?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanasikia "jengo la hewa ukaa kidogo" wanadhani ni paneli za jua juu ya paa tu.

Ulaya na kwingineko, umeme mwingi umekuwa ukitokana na makaa ya mawe na gesi, kwa hiyo kuokoa umeme ni kupunguza moshi moja kwa moja. Uganda ni tofauti. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wake inatoka kwenye maji ya Mto Nile: Owen Falls, ambayo sasa inaitwa Nalubaale, tangu mwaka 1954, Bujagali, megawati 250, tangu mwaka 2012, Isimba, megawati 183, tangu mwaka 2019, na Karuma, megawati 600, iliyozinduliwa mwaka 2024. Umeme huo hautoi moshi wa dizeli.

Basi mhandisi wa Kampala anapotafuta hewa ukaa ndani ya jengo, anaikuta kwenye mambo matatu: dizeli ya jenereta umeme unapokatika, kuni na mkaa wa jikoni, na gesi iliyomo ndani ya friji na viyoyozi.

Wafanyabiashara wa zamani hawajasahau mwaka 2005 na 2006. Maji ya Ziwa Viktoria yalipungua, umeme ukagawiwa kwa zamu, na mitambo ya dharura ya dizeli ikafungwa Lugogo, mwendo mfupi tu kutoka Kyambogo. Tangu hapo ni wachache wanaojenga hoteli au ghala la samaki bila jenereta. Swali la mhandisi wa leo si kama jenereta iwepo. Swali ni iwe ndogo kiasi gani, na ifanye kazi saa chache kiasi gani.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Jenereta ya kawaida hutoa uniti 3 hivi za umeme kwa lita. Kila uniti ambayo jengo halikuihitaji ni dizeli ambayo haikununuliwa. Mwenye jengo huenda hajali hewa ukaa, lakini bei ya dizeli anaijali.

Kampala si Mombasa

Kosa la kawaida la muagizaji ni kunakili oda ya pwani. Mombasa iko usawa wa bahari, ina joto na unyevu mwaka mzima. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi 17 au 18.

Tofauti hiyo ina matokeo mawili. La kwanza, vyumba vingi vya ofisi Kampala vinaweza kukaa vizuri bila kiyoyozi, kama madirisha yamepangwa yapitishe upepo na jua la magharibi limezuiwa. Jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996, hutumia hewa baridi ya usiku kupoza zege lake ili mchana litulie. Harare nayo iko juu na usiku wake ni wa baridi. Mhandisi mzuri wa Kampala huanza na upepo na kivuli, kisha hununua mashine kwa vyumba vinavyobaki. Kwa hiyo usishangae jedwali likitaja viyoyozi 12 pale ulipotarajia 40.

La pili ni hewa yenyewe. Kwa kimo cha Kampala, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 12 hadi 13. Feni iliyochaguliwa kwa pwani itazunguka vile vile Kampala, lakini itasukuma uzito mdogo wa hewa. Injini ya jenereta isiyo na tabo nayo hupoteza nguvu. Hivyo jenereta iliyoandikwa kilovolti-ampia 100 inaweza isitoe 100 hapa. Muulize muuzaji jedwali la kupunguza nguvu kwa kimo kabla ya kulipa.

Vile vile, kiyoyozi kikubwa kupita kiasi si zawadi kwa mteja. Huwaka na kuzima kila mara, hakikaushi hewa, na kompresa huchoka mapema.

Hesabu ya chumba cha baridi

Tuchukue mfano. Chumba cha kuhifadhi matunda chenye urefu wa mita 10, upana mita 10 na kimo mita 4 kina kuta na paa zenye eneo la mita za mraba 260. Ndani ni nyuzi 2, nje ni nyuzi 28.

Ukitumia paneli za polyurethane za unene wa milimita 100, joto linalopenya kwenye kuta na paa ni wati 1,550 hivi. Ukitumia za milimita 50, linapenya mara mbili yake, karibu wati 3,100, saa 24, kila siku, kwa maisha yote ya chumba.

Paneli nyembamba ni rahisi dukani. Lakini kompresa lazima iwe kubwa zaidi, waya mkubwa zaidi, na jenereta kubwa zaidi. Mhandisi anapoandika milimita 100, ameshafanya hesabu hiyo. Ukileta za 50 kwa sababu zilikuwa na bei nzuri, umeharibu jedwali zima, na yeye ana haki ya kuzikataa.

Hesabu hiyo haijagusa mlango. Mlango ukiachwa wazi wakati lori linapakiwa, joto linaloingia linaweza kuzidi la kuta. Ndiyo sababu michoro mingi ina pazia la plastiki, chumba cha kati, au mlango unaobana nyuma ya trela. Msafirishaji anayefika kwa wakati aliopangiwa, akageuza lori vizuri na kupakia haraka, anaokoa umeme wa mteja kuliko anavyodhani.

Maji moto

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba 20. Kila chumba kikitumia lita 50 za maji moto, jumla ni lita 1,000 kwa siku. Kuyatoa maji hayo nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 46 au 47 za nishati.

Hita za kawaida za umeme zitakula zote hizo. Pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa, inaweza kufanya kazi hiyo kwa uniti 15 au 16. Hita za jua zenye eneo la mita za mraba 18 hadi 20 zinaweza kuifanya karibu bila umeme siku ya jua, na siku ya mawingu zikahitaji msaada.

Hapa msafirishaji ana neno. Hita za mirija ya kioo ni nzuri kwa joto lakini huvunjika njiani. Za bapa ni nzito zaidi na hustahimili zaidi. Mhandisi anapochagua kati ya hizo mbili, huwa anafikiria paa na maji. Ukimweleza mapema kwamba safari ya mwisho ni barabara ya vumbi ya kilomita 60, anaweza kubadili uamuzi. Mweleze kabla ya oda, si baada ya mirija kuvunjika.

Gesi: mzigo mdogo, hatari kubwa

Kati ya mambo matatu tuliyotaja, gesi ndiyo isiyoonekana na ndiyo inayobadilika haraka.

Gesi za friji hupimwa kwa kulinganishwa na hewa ukaa. Kilo moja ya R-404A, iliyozoeleka kwenye vyumba vya baridi na kontena za baridi, hupasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa. R-410A ya viyoyozi ni 2,088. R-32 ni 675. R-290, ambayo ni propani safi, ni 3 tu.

Weka hesabu hiyo kwenye lugha ya barabara. Chumba cha baridi kikivuja kilo 10 za R-404A, ni sawa na kuunguza zaidi ya lita 14,000 za dizeli. Ukikadiria lori linatumia lita 45 kwa kilomita 100, hizo ni safari 13 hivi za kwenda na kurudi kati ya Mombasa na Kampala. Kilo 10 hizo hutoka kwenye bomba moja lililochomelewa vibaya, na hakuna anayeona moshi.

Ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi hizi. Uganda iliridhia mwaka 2018. Kwa kundi la nchi ambamo Uganda imo, kiwango kilisimamishwa mwaka 2024. Kitapunguzwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, na hatimaye asilimia 80 mwaka 2045. R-22, ile ya zamani inayoharibu pia tabaka la ozoni, inakaribia kuondolewa kabisa ifikapo mwaka 2030.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: mashine hudumu miaka 15 au zaidi. Ukimuuzia mteja leo mashine ya R-22, baada ya miaka michache gesi ya kuijazia itakuwa adimu na ghali. Mhandisi anayeikataa anamlinda mteja wako, na pia jina lako.

Hata hivyo gesi mpya zina masharti. R-32 huweza kushika moto, na R-290 hushika moto kwa urahisi zaidi. Fundi aliyezoea R-22 hawezi kuifungua mashine hizo kwa mazoea.

Jihadhari pia na mitungi ya bandia. Mwaka 2011 kontena za baridi zilizokuwa zimefanyiwa matengenezo Vietnam zililipuka na watu watatu wakafariki. Uchunguzi ulionyesha zilijazwa gesi chafu yenye R-40, ambayo ikikutana na aluminiamu ya kompresa hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Waliokufa walikuwa mafundi na wafanyakazi, watu kama utingo na fundi wako. Mtungi wa bei ya kutupa usio na hati za kiwanda usiuguse.

Barabarani

Kwa wasafirishaji, mambo machache ya kuzingatia:

– Kompresa na friji zisafiri zikiwa wima. Zikilazwa, oili hukimbilia kwenye mabomba. Ikibidi kulazwa, andika kwenye hati ya makabidhiano ili fundi azisubirishe kabla ya kuwasha.

– Mitungi ya gesi isimame, ifungwe, na isikae juani wala ndani ya kebini.

– Paneli za chumba cha baridi ni nyepesi lakini kubwa. Trela litajaa kabla halijafikia uzito. Toza kwa nafasi, si kwa tani, na usipakie kitu kizito juu yake. Paneli iliyobonyea kona haitabana.

– Piga picha za kona zote wakati wa kupakia na kushusha. Mhandisi hukagua kona.

Karatasi

Bidhaa nyingi za aina hii huhitaji hati ya ulinganifu wa viwango inayotolewa nchi zinakotoka, chini ya mpango wa UNBS, kabla ya kupakiwa melini. Gesi na mashine zenye gesi zinazodhibitiwa zinahusu pia mamlaka ya mazingira, NEMA. Friji zilizotumika ni jambo lingine: Uganda ilipiga marufuku uingizaji wake kupitia sheria ya fedha ya mwaka 2009.

Kuwa makini na namba za ushuru. Viyoyozi viko chini ya 8415. Friji, mitambo ya vyumba vya baridi na pampu za joto ziko chini ya 8418. Hita za maji za jua ziko chini ya 8419. Pampu ya joto iliyoandikwa kiyoyozi kwenye ankara italeta mvutano na forodha. Tangu eneo moja la forodha lianze mwaka 2014, kodi hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini, kwa hiyo kosa la namba hukukamata ukiwa bado Mombasa. Viwango na misamaha hubadilika kwenye bajeti za Juni. Muulize wakala wako kila mwaka.

Maswali ya kumwuliza mhandisi kabla ya kulipa

1. Je, jedwali la vifaa hili ndilo la mwisho, na lina tarehe na saini?
2. Ni gesi gani inakubalika, na ipi haikubaliki kabisa?
3. Umeme ni volti 240 au 415 ya fezi tatu? Hezi ni 50? Mashine za hezi 60 huonekana rahisi sana sokoni kwa sababu hiyo hiyo.
4. Uwezo ulioandikwa ni wa kimo cha Kampala au wa usawa wa bahari?
5. Nikikosa aina uliyoitaja, ni sifa zipi nne ambazo mbadala lazima uwe nazo?
6. Karatasi za kiwanda unazihitaji lini, na utanijibu kwa maandishi ndani ya siku ngapi?

Swali la sita ndilo la thamani kuliko yote. Jibu la simu halina nguvu mzigo ukishafika. Jibu lenye saini lina nguvu.

Mhandisi naye hana budi kusikiliza. Aliyeketi ofisini anaweza kuandika mashine ambayo hakuna anayeileta Afrika Mashariki, au ambayo kipuri chake huchukua miezi mitatu. Mfanyabiashara ndiye anayejua kilichopo Nairobi, Dubai na Guangzhou. Mwambie mapema. Mchoro hubadilishwa kwa kalamu, lakini kontena likishavuka Malaba, kulibadilisha ni kwa fedha zako.